Mchekeshaji Asiyechekesha: Juu ya Mchezo «The Entertainer» wa John Osborne

Wanafunzi wawili wa seminari kubwa wametuandikia barua moja yenye maswali mawili. Wamepata kitabu cha mchezo wa Kiingereza, The Entertainer, kilichotungwa na John Osborne. Wamekisoma pole pole pamoja na kamusi, wamecheka pahali pengine, kiisha wamefadhaika. Wanauliza: Je, mtungaji anamdharau yule mchekeshaji ao anamhurumia? Tena, je, mchezo huu waweza kuchezwa mbele ya wazazi siku ya kufunga masomo?

Swali la pili ni jepesi, tutalijibu mwishoni. Swali la kwanza limetushika siku nyingi. Tulisoma kitabu mara mbili, na mara ya pili tuliona kwamba mara ya kwanza tulikuwa tumekisoma kwa haraka mno.

Kwanza habari za mtungaji. Osborne alizaliwa London mwaka wa 1929, akafa mwaka wa 1994. Katika ujana wake alikuwa mchezaji wa teatri yeye mwenyewe, katika vikundi vidogo vya miji midogo, mbele ya viti vingi visivyo na watu. Mambo anayoyaandika hapa hakuyasikia kwa wengine. Mwaka wa 1956 mchezo wake Look Back in Anger ulichezwa London katika Royal Court Theatre, na magazeti yakaanza kusema juu ya vijana wenye hasira. Laurence Olivier, mchezaji mwenye sifa kubwa kabisa Uingereza wakati ule, mtu aliyezoea kucheza wafalme wa Shakespeare, akamwomba kijana huyu amwandikie mchezo. Basi The Entertainer ulichezwa mara ya kwanza tarehe 10 Aprili 1957, katika nyumba ile ile ya Royal Court. Olivier, mwenye cheo cha Sir, akatoka mbele ya watu na uso uliopakwa rangi, kofia ya duara kichwani, fimbo mkononi, akacheza mtu asiyejua kuchekesha. Kushindwa kwa ufundi namna hii si kazi ya kila mtu. Mwaka wa 1960 Tony Richardson, aliyeongoza mchezo wa teatri, aliufanya pia kuwa sinema, na Olivier akabaki ndani yake.

Sasa tumweleze msomaji aina ya teatri inayosemwa humu, maana kwetu haikufika. Tangu karne ya 19 Waingereza walikuwa na nyumba kubwa za nyimbo na mizaha. Maskini walikwenda huko jioni, wakanywa, wakaimba pamoja na mwimbaji, wakasikia mtu mmoja akisimama peke yake katika mwanga na kusema mizaha juu ya mama mkwe, kodi ya nyumba na mkubwa wa kazi. Kiisha ikaja sinema, ikaja redio, ikaja televizioni, na nyumba hizo zikafungwa moja baada ya moja. Wenye nyumba walijaribu dawa moja mbaya: waliweka wasichana uchi jukwaani. Sheria ya Uingereza wakati ule iliruhusu jambo hilo kwa sharti moja la ajabu: msichana asijongee hata kidogo, asimame sawa sanamu. Katika maneno machache ya mwanzo wa kitabu Osborne anasema kwamba nyumba hizi zinakufa, na kwamba sehemu ya Uingereza inakufa pamoja nazo.

Katika nyumba ya namna ile, katika mji mmoja wa pwani, tunamkuta Archie Rice. Ana miaka hamsini hivi. Mizaha yake ni ya zamani, na mingine ni ya uchafu. Hajalipa kodi ya Leta kwa miaka karibu ishirini, na anajua kwamba siku moja watamshika. Mke wake Phoebe anauza dukani, anakunywa, analia, anaogopa uzee wa umaskini. Mtungaji ameupanga mchezo sawa jioni moja ya nyumba hizo: sehemu kumi na tatu, kila moja na namba yake. Mara tuko ndani ya nyumba ya Archie, mara tuko mbele ya jukwaa lake. Na jambo hili ndilo lililotupendeza sana katika ujenzi wa mchezo: Archie anaposema mizaha yake, anatuambia sisi. Hakuna watazamaji wengine. Sisi tulio katika viti ndio wale wasiocheka.

Kejeli ya Osborne iko wapi? Iko kwanza nyuma ya mgongo wa Archie. Anaimba wimbo wa kusifu nchi yake, na nyuma yake, chini ya mwanga, anaonekana msichana uchi aliyevaa kofia ya chuma ya Britannia, yule mama wa sanamu anayesimama kwa jina la taifa la Waingereza. Ni picha ya aibu, na imewekwa kwa kusudi. Mwezi wa Julai 1956 Nasser alikuwa ametwaa mfereji wa Suez. Tarehe 5 Novemba askari wa Uingereza na Ufaransa wakaanza kushuka Port Said. Dunia yote ikapiga kelele, Marekani pia. Na kabla ya Noeli walikuwa wameondoka. Taifa lililotawala nusu ya bahari liligundua kwamba halitawali tena. Archie anawatania watazamaji wasipige makofi kwa nguvu, kwa sababu nyumba ni nzee sana na inaweza kuanguka. Mwaka wa 1957 kila mtu aliyeketi Royal Court alielewa ni nyumba gani.

Lakini kama mchezo ungekuwa kejeli ya siasa tu, tusingeuandikia leo. Suez ni habari ya vitabu vya historia. Twende ndani ya nyumba ya Archie, mezani.

Hapo yuko baba yake, mzee Billy Rice, mwenye miaka zaidi ya sabini. Zamani alikuwa nyota wa nyumba za mizaha. Si mtakatifu: anatukana wageni, ananung'unika juu ya kila jambo jipya. Lakini ana kitu ambacho mwana wake hana. Anaposema juu ya watu waliokuja kumwona zamani, anasema kwa heshima. Alivaa vizuri kwa ajili yao. Aliamini kwamba wamelipa feza yao ya kazi ngumu, basi walistahili kupewa kitu. Archie hana imani hiyo. Yeye anawadharau watu walio mbele yake, na anajidharau mwenyewe kwa sababu anawaomba wacheke. Ndugu wasomaji, kwa mawazo yetu ufunguo wa mchezo uko hapa, kuliko katika ile kofia ya Britannia. Mizaha ya Billy pia ilikuwa ya zamani. Kila mzaha ni wa zamani. Mzaha wa Archie umekufa kwa sababu anayeusema hawapendi wanaousikia.

Turuhusiwe neno moja la pembeni. Sisi tunaosimama mbele ya watu kila Jumapili tusisome habari hizi sawa habari za watu wa mbali. Sisi wenyewe tuna mzaha mmoja juu ya punda wa Jumapili ya Matawi. Tumeutumia miaka mingi. Mwaka mmoja mama mmoja wa benchi la mbele alianza kucheka kabla hatujaufikisha mwisho, na kicheko chake hakikuwa cha furaha, alikuwa anatusaidia.

Turudi mezani. Mwana mmoja, Mick, ni askari huko Misri. Ametekwa, na gazeti limesema kwamba atarudishwa nyumbani karibuni. Phoebe amenunua gato la kumpokea. Ameliweka, hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Mzee Billy, kwa njaa ya usiku ao kwa utoto wa uzee, analikata na kula. Phoebe anapoliona anawaka moto. Anapiga kelele juu ya gato, na kila anayesikia anajua kwamba anapiga kelele juu ya mwana wake, juu ya feza, juu ya mume wake na wasichana wake, juu ya miaka yote. Mzee anakaa na aibu, makombo mkononi. Hakuna mzaha hapa, wala hotuba. Tumesoma michezo mingi ya kufundisha watu tabia njema, nasi wenyewe tumetunga miwili mitatu. Hatukuandika ukurasa mmoja wenye nguvu ya hili gato.

Kiisha habari inafika. Mick ameuawa.

Kabla ya habari hiyo Archie, akiwa amelewa, alikuwa amemweleza binti yake Jean mambo mawili. La kwanza ni dogo na la kuchekesha. Siku moja masista wawili walikutana naye njiani, wakamtazama, wote wawili wakafanya ishara ya msalaba. Archie anasema hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizopata katika maisha yake. Tulicheka. Kiisha tulifikiri: mtu huyu aliyezoea kutazamwa kwa kazi ametazamwa mara moja kwa kweli, na waliomtazama waliona kitu cha kuogopesha. Yeye mwenyewe anakijua kitu hicho. Anamwambia Jean atazame uso wake vizuri: kwa nje uso unacheka na kupasuka kwa furaha, lakini nyuma ya macho hakuna mtu, amekufa, na wale wanaoketi mbele yake wamekufa vilevile.

La pili ni habari ya mwanamke mweusi. Zamani Archie alikuwa Kanada, akavuka mpaka mara kwa mara kuingia Marekani. Usiku mmoja, katika nyumba ya pombe, alimsikia mwanamke mweusi, mzee, mnene, maskini, akisimama na kuimba. Archie anasema kama aliona tumaini lolote katika wanadamu, aliliona katika uso ule. Mtu anaweza kupigwa mateke na kudharauliwa, lakini akiweza kusimama na kutoa sauti safi namna ile, basi ubaya hauko kwake, uko kwa wengine wote. Anasema kama angefanya jambo moja jema sawa lile katika maisha yake yote, ingetosha.

Sisi wasomaji weusi tunasoma ukurasa huu na mioyo miwili. Moyo mmoja unashukuru. Katika mchezo mzima, wenye Waingereza wengi wanaosema maneno mengi, mtu mmoja tu aliye hai kabisa ni mama huyu. Moyo wa pili unauliza: jina lake nani? Hana jina. Haonekani jukwaani. Katika maneno yale yale ya kumsifu Archie anamwita kwa matusi ambayo hatutayaandika katika gazeti letu. Watu watasema: anayetukana ni Archie, si Osborne. Ni kweli, na mlevi wa namna ile angesema namna ile. Mtungaji mwaminifu hawezi kumpa maneno ya padri. Hata hivyo tunamlaumu Osborne kwa jambo moja. Mateso ya mama huyu yamekuwa dawa ya Mzungu aliyechoka. Anatumika, kiisha mlango unafungwa. Ni nani aliyempiga mateke? Mchezo hauulizi.

Tena kuna neno moja dogo ambalo wengi watalipita bila kusimama. Archie anasema mama aliimba juu ya Yezu, ao jambo la namna ile. Jambo la namna ile! Alisikia sauti, wala hakusikiliza neno. Miaka yote amebeba ukumbusho wa sauti hiyo, akatamani kuwa na moyo wa kuimba hivyo, lakini hakujisumbua kukumbuka mama alikuwa anamwita nani. Anadhani nguvu ile ni kipawa cha maskini, ao cha watu weusi, sawa rangi ya macho. Lakini mama hakuwa anatoa sauti hewani. Alikuwa anasema na mtu. Wimbo wake ulikuwa na mtu wa kuusikia, hata kama wanywaji wote wangetoka nje. Archie anangojea uzima kutoka kwa watazamaji wake, na watazamaji wake wanangojea kutoka kwake; wanatazamana wakiwa mikono mitupu pande zote mbili.

Hatujui kama Osborne alitaka tusome hivi. Lakini angalia alivyofanya baada ya habari ya kifo. Archie anapoambiwa kwamba Mick ameuawa, hasemi mzaha. Anaanza kuimba pole pole, kwa namna ya yule mama, wimbo wa mtu asiyejali mwili wake utazikwa wapi kwa sababu roho yake inakwenda kwa Mungu. Kiisha nguvu zinamwishia, anaanguka kwenye ukingo wa jukwaa, na pazia linashuka. Ni dakika moja tu. Kwa dakika hiyo mtu aliyekufa nyuma ya macho ameishi, na maneno aliyoyatumia ni maneno ya sala, maana mengine hakuyapata. Mmoja wetu alisema hiyo ni neema iliyokuja na kukataliwa. Mwingine akajibu kwamba tusimbatize mtungaji bila yeye kuomba. Tuliacha mashindano hapo, chakula kilikuwa kimepoa.

Sehemu ya mwisho inakwenda haraka. Archie ana shauri la kumwacha Phoebe na kuoa msichana mdogo ambaye wazazi wake wangetoa feza kwa onyesho jipya. Mzee Billy anakwenda kwa wazazi wale, anawaambia kwamba Archie ana mke na watoto. Ni tendo la haki, na linamwangamiza: shauri linavunjika, na Archie, kwa kukosa feza, anamrudisha baba yake jukwaani, kwa sababu jina la mzee bado laweza kuvuta watu. Baada ya muda mfupi mzee anakufa. Wanamzika na bendera ya taifa juu ya sanduku, na juu ya bendera kofia yake, fimbo na glavu. Tuliona picha hiyo kuwa na heshima zaidi kuliko maneno yote ya kuomboleza ambayo mtungaji angeweza kuandika.

Ndugu yake Archie, avoka mwenye mali, anataka kumlipia madeni yake yote, mradi aende Kanada kufanya kazi katika hoteli. Archie anakataa. Sababu anayotoa ni kwamba huko Toronto hapatikani bia anayoipenda. Kila msomaji atacheka, na atacheka kwa haki. Kisha ajiulize kama tuliuliza sisi: angefanya nini Kanada? Angeokoka gerezani, lakini angekuwa mtu wa hoteli. Kushindwa kwake ndiyo mali yake ya mwisho, hataki kuiuza.

Kuna udhaifu pia. Binti Jean, aliyekwenda Trafalgar Square kupinga vita vya Suez na kugombana na mchumba wake juu ya jambo hilo, anasema maneno mazuri yasiyo na mwili. Mchumba na yule avoka wanaingizwa kwa dakika chache ili tuwachukie, na mtu anayeingizwa ili achukiwe hachukiwi vizuri. Frank, yule mwana aliyekubali kufungwa kuliko kuwa askari, alistahili nafasi kubwa zaidi; kifungo chake kinatajwa kwa maneno machache, na tungependa kumsikia. Tunadhani Osborne alimpenda Archie mno hata wengine wakakosa hewa.

Na hili ni jibu letu kwa swali la kwanza. Osborne anayadharau yote ambayo Archie anasimamia: taifa la maonyesho, uchafu unaoitwa furaha, bendera ya kufunika aibu. Archie mwenyewe hawezi kumdharau. Mwishoni mtu wa kodi anasimama pembeni ya jukwaa, anangoja. Archie anaanza wimbo wake wa zamani wa kutojali kitu, hawezi kuumaliza. Phoebe anakuja na koti na kofia yake, anampa. Mke yule yule aliyekuwa karibu kuachwa! Archie anawaaga watazamaji, anasema wamwambie wanafanya kazi wapi kesho, naye atakuja kuwatazama wao. Anatoka. Mwanga unabaki mahali alipokuwa, na orkestra inaendelea kupiga.

Swali la pili. Mchezo mzima usichezwe seminarini. Sanamu ya Britannia haiwezekani, mizaha mingi haiwezekani, na bila mambo hayo kejeli inakatika miguu. Msijaribu kuisafisha, kitabu kilichosafishwa namna hiyo ni uwongo. Lakini sehemu ya gato inaweza kuchezwa peke yake, na wazazi wetu wataielewa bila maelezo: wako wengi kati yao waliomngoja mtoto aliyetekwa na askari. Iwekwe katika Kiswahili cha nyumbani, si cha mahubiri. Phoebe achezwe na mwanafunzi anayejua kunyamaza, maana wanafunzi wetu wakipewa nafasi ya mwanamke wanapenda kuinua sauti na kuchekesha, na sehemu hii ikichekesha imeharibika. Anayecheza Billy asizeeshwe kwa unga mwingi kichwani. Na gato liwe la kweli, tafadhali, si kipande cha mti kilichopakwa chokaa sawa mwaka ule. Mzee lazima ale.